Kujitwika na kutwishwa: huu msalaba tunaowahubiria wenzetu ni wa nani?

Mwana wa Ngolo

Wakuu, habari za Jumapili. Mwenye hasira za karibu apite kando, maana leo nagusa pabaya.

Natangulia kusema mimi ni Mkatoliki. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, ndoa nimefunga altareni na zaka nadaiwa kama mnavyodaiwa nyinyi. Kwa hiyo wale wa "umetumwa" pumzikeni. Kilichonituma ni daftari.

Mwaka 1997 nilikuwa kijijini, Mbinga, darasa la saba nimemaliza na sekondari sikuchaguliwa. Kazi yangu ilikuwa kahawa, na kila Jumamosi kuandika daftari la jumuiya yetu ya kanisa, zile familia jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Katibu halisi alikuwa mzee mwenye mtoto wa jicho, mistari haioni, basi akanipa kalamu kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa. Daftari kubwa la kava gumu, nimelipiga mistari kwa rula: jina, mahudhurio, mchango wa ujenzi, wagonjwa na sababu. Katika kurasa zote zile mtu mmoja tu safu yake haikuwa na pengo. Shangazi yangu. Mvua inyeshe, msiba utokee, kahawa ikose bei, yeye kahudhuria na kalipa.

Jumamosi moja tukasali kwake. Alikuwa mkekani, mkono wa kulia umefungwa vipande vya mwanzi kwa kitenge kilichochanwa. Sala zikaisha, tukafika kwenye wagonjwa. Nikaandika jina lake. Kwenye safu ya sababu nikasimama. Mwenyekiti akaangalia paa. Akina mama wakaanza kuwafuta watoto kamasi. Kila aliyekuwemo mle alisikia usiku wa Jumatano, nyumba za kwetu hazijaachana kiasi hicho. Shangazi ndiye aliyenionea huruma. "Andika nimeanguka," akasema. Nikaandika: ameanguka. Mumewe alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa na sauti nzuri ya besi kwenye kwaya, na ndiye aliyetuanzishia wimbo wa kufunga.

Tukiwa tunatoka, mama mmoja mtu mzima akamshika bega, akamwambia kwa upole kabisa, bila kebehi hata chembe: "Mwanangu, kila mtu na msalaba wake. Jitwike tu." Akamwonyesha ukutani, kwenye kalenda yenye picha ya Mtakatifu Rita. Siku mbili baadaye tukampelekea sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Hivyo navyo niliviandika.

Mkono ulipona ukiwa umepinda. Mpaka leo akisukuma chapati anaegemea kiwiko.

Sasa hoja yangu. Sijaja kusema kujitoa ni kubaya. Mtu anayekesha na mgonjwa, anayegawa unga wake wa mwisho kwa jirani, nani atamkataza? Ninachosema ni kwamba tumelichukua neno la Yesu tukalibadilishia kitenzi. Fungua Marko 8:34: "ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake, anifuate." Ajitwike. Hiyo -ji- haikuwekwa pale kwa mapambo. Anayeupandisha mzigo kichwani ndiye huyo huyo anayeubeba. Yesu mwenyewe kwenye Yohana 10:18 anasema uhai wake hakuna anayemwondolea, anautoa mwenyewe. Shangazi hakujitwika kitu. Alitwishwa na mume, kisha sisi jumuiya tukaja na ngata ili mzigo usiteleze.

Na tulikuwa na mifano ya kumpa. Rita wa Cascia, wa kule Italia, aliyefariki 1457, tunasimuliwa alimvumilia mume mkali hadi mume akaongoka. Papa Leo wa 13 akamtangaza mtakatifu mwaka 1900. Sina ugomvi na Rita. Nauliza tu, wale walioolewa na wanaume wasioongoka habari zao zinasomwa siku gani? Hakuna anayewatangaza watakatifu, wao walishazikwa tu.

Mwingine ni Monika, mama yake Augustino. Soma Maungamo, kitabu cha 9. Mwanawe anamsifu kwa jinsi alivyojua kunyamaza mume akifura. Anaeleza kwamba wanawake wenzake walikuwa wanakuja na alama za kipigo usoni wakilalamika juu ya waume zao, na Monika, kwa nusu utani, aliwaambia walaumu ndimi zao wenyewe, kwamba siku waliposomewa hati ya ndoa walipaswa kuihesabu kama hati ya kuwafanya watumwa. Hayo yaliandikwa mwishoni mwa karne ya nne, na mwandishi aliyaandika kama sifa. Baada ya miaka 1600 nimeyasikia kwenye kitchen party ya binamu yangu Dar es Salaam, kasoro jina la Monika tu.

Nauliza, mnisahihishe: sadaka ya mtu ambaye hakuulizwa ni sadaka, au ni kitu kingine tumekipaka mafuta matakatifu?

Kijiti cha Pili

Nimekaa mbele kabisa, uzi huu utafika mbali. Naomba waongoza jukwaa msiuunganishe na ule wa sadaka.

Mlokole Asilia

Bwana Yesu asifiwe. Mleta mada, unatumia akili ya kibinadamu kupima mambo ya rohoni. Petro anasema wazi, 1 Petro 2:20, ukitenda mema na kupata mateso ukastahimili, huo ndio wema mbele za Mungu. Na mstari wa 21 unasema ndiyo mliyoitiwa. Kizazi hiki kinataka Yesu asiye na msalaba. Shangazi yako ana taji mbinguni, wewe unataka kumvua.

Mwana wa Ngolo

Mtumishi, asante kwa mstari. Sasa rudi nyuma mistari miwili tu, hadi wa 18. Petro anaongea na nani pale? Na watumishi wa nyumbani walio chini ya mabwana wakali, yaani watumwa. Watu wasioweza kuondoka. Mtu asiyeweza kuondoka unamwambia jinsi ya kubaki na utu wake humo humo. Hilo ni neno la faraja. Lakini ukilichukua ukampelekea mtu ambaye mlango wake uko wazi, ukausimamia huo mlango, faraja imegeuka komeo.

Na hilo taji, kama lipo, simvui. Nauliza tu kwa nini mgawaji wa mateso duniani anapata sauti ya besi na heshima ya kwaya.

Kinara wa Kwaya

Mkuu, kwaya umeigusa, acha nijibu.

Ukiondoa kujitoa, Ukristo unabaki na nini? Mashairi mazuri na picnic ya Pasaka. Mama yangu aliuza pombe ya mnazi na kuosha sare za wauguzi ili nisome. Hakuna aliyemuuliza kama anataka, maisha yalimlazimisha, na alikuwa anaimba "nitauchukua msalaba" huku anasugua. Leo mtu ananiambia mama yangu "alitwishwa", kwamba hakuwa na akili ya kujua anachofanya. Hiyo ni dharau, mkuu, hata ukiipamba kwa Augustino.

Halafu hebu tuongee juu ya Maximilian Kolbe. Auschwitz, kambi ya mateso ya Wanazi, 1941. Mfungwa mmoja ametoroka, wanachaguliwa kumi wafe kwa njaa. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, analia ana mke na watoto. Padri Kolbe anatoka mstarini, anasema nichukueni mimi. Tarehe 14 Agosti wakammalizia kwa sindano ya sumu. Gajowniczek aliishi hadi 1995, na Kolbe alipotangazwa mtakatifu 1982 alikuwepo kwa macho yake. Bila mafundisho unayoyakosoa, Kolbe angetoka wapi?

Mwana wa Ngolo

Kinara, hapo umeongea na nimekusikia. Kuhusu mama yako nakuja.

Kolbe ndiye shahidi wangu mimi, si wako. Alitoka mstarini kwa miguu yake. Alijua anambadili nani, na yule mtu akaishi miaka 54 zaidi. Ndicho ninachokiita kujitwika. Sasa geuza kidogo: fikiria badala ya kutoka mstarini, Kolbe angebaki amesimama, akamwambia Gajowniczek, "Ndugu, kila mtu na msalaba wake, vumilia." Je, hilo nalo tungeliita fundisho la kujitoa? Ndicho tulichofanya Jumamosi ile. Tulikuwa watu kama kumi na tano kwenye mstari, hakuna aliyetoka.

Kuhusu mama yako: sikumtaja na siwezi kumhukumu. Yeye alijua anamsugulia nani zile sare. Shangazi kipigo kilimfaidia nani?

Frateli Mstaafu

Nimesoma seminari kuu miaka minne kabla ya kugundua sina wito (wito wangu ulikuwa na gauni la kijani, lakini hiyo ni mada nyingine). Naomba niongeze mambo ambayo hatuyasikii mimbarini.

Kwanza, Kanisa la mwanzo lenyewe lilikuwa na mashaka na watu wa kukimbilia msalaba. Kwenye simulizi ya kifo cha askofu Polikarpo wa Smirna, karne ya pili, kuna jamaa anaitwa Kwinto kutoka Frigia. Alijipeleka mwenyewe kwa watawala, akawashawishi na wengine waende. Alipowaona wanyama akaishiwa nguvu, akatoa sadaka kwa miungu ya Warumi. Mwandishi anasema waziwazi kwamba hatuwasifu wanaojipeleka wenyewe, maana Injili haifundishi hivyo. Polikarpo mwenyewe kwanza alikimbia, akajificha shambani. Klementi wa Aleksandria naye aliwakemea wanaokimbilia kifo, akasema wanashiriki kosa la yule anayewaua.

Pili, Mwana wa Ngolo umesahau mstari wako bora kuliko yote. Mathayo 23:4. Wale wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, wenyewe wasiiguse hata kwa kidole. Kitenzi chako hicho hapo, ila safari hii kinatumika kwa lawama.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 1153, zinasema mwenzi mmoja akimtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka. Kwa ruhusa ya askofu, na ikiwa kuchelewa ni hatari, hata kwa uamuzi wake mwenyewe. Papa Fransisko mwaka 2016 aliandika, kwenye namba 241 ya waraka wake Furaha ya Upendo, kwamba wakati mwingine kutengana ni jambo la lazima kimaadili. Ndoa haivunjwi, sawa, lakini hakuna sheria ya Kanisa inayosema ukae ndani upigwe. Kwenye semina za wachumba nimekaa kama mhudumu mara nyingi. Kanuni hiyo sijaisikia ikisomwa hata mara moja. Naona ni kwa sababu kufundisha uvumilivu hakumgharimu mwalimu kitu.

Kijiti cha Pili

Gauni la kijani tunalisubiri kwenye uzi wake.

Wakili wa Kata

Nakazia kwa upande wa serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66: hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Imo tangu enzi za Mwalimu.

Tatizo liko njiani. Ili kesi ya talaka ipokelewe mahakamani kwa kawaida lazima mpite kwanza baraza la usuluhishi, na sheria inaruhusu jumuiya za kidini kuwa na mabaraza yao. Kwa hiyo mama anaweza kujikuta anaomba karatasi kutoka kwa wazee wale wale waliomwambia avumilie. Nimeona mmoja aliitwa vikao vitatu. Kikao cha tatu aliulizwa kama anasali rozari.

Nesi wa Zamu

Mkuu Mwana wa Ngolo, kuna kitu kwenye hilo "ameanguka" hukukiona kwa sababu ulikuwa mtoto.

Mtu akija hospitali kwetu akasema amepigwa, anaulizwa PF3, ile fomu ya majeruhi. PF3 inatoka polisi. Kwenda polisi maana yake ni kumtaja mume, na ukishamtaja unarudi nyumbani kulala naye. Akisema ameanguka anafungwa plasta siku hiyo hiyo. Nimeshaona "wameanguka" wengi sana, wengine wameanguka kwa umbo la mkanda. Siku hizi kuna Dawati la Jinsia pale polisi na mambo yamekuwa nafuu kidogo, lakini neno ni lile lile. Kwa hiyo shangazi yako hakuwa anamfichia mume tu. Inawezekana alikuwa anatafuta njia ya kupata matibabu. Na kama alifungwa mwanzi maana yake hata huko hakufika.

Mlokole Asilia

Naona mnashangilia tu. Kristo hakuwa na PF3.

Nesi wa Zamu

Hakuwa nayo, kweli. Ila waliomtundika hatuwaimbishi besi.

Mie wa Malindi

Wadau, mie ni jirani wa huko mnakokujua kwa habari mbaya. Tangu Aprili 2023 msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, imefukuliwa miili zaidi ya 400. Watu waliaminishwa kufunga bila kula wala kunywa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Kesi ilifikishwa kortini, sitahukumu. Lakini nyote mnajifanya kama Shakahola ilitoka mbinguni. Watu hawaingii msituni siku moja. Walianza na mahubiri haya haya: mwili ni adui, tumbo ni adui, kujipenda ni dhambi, anayeumia zaidi ndiye mtakatifu zaidi. Yule mhubiri wa msituni alimalizia sentensi tu.

Na jambo moja daktari wa serikali alisema, ambalo watu walilipita haraka: wengi walikufa kwa njaa, lakini wengine walikuwa na dalili za kunyongwa na kupigwa. Watoto walikuwemo wengi. Sasa mtoto alijikana nini?

Mwana wa Ngolo

Malindi, pole sana, na asante. Nilikuwa naogopa Shakahola itajwe humu kwa sababu ikishatajwa kila mmoja anapumua: "Ah, kumbe unaongelea wale wendawazimu, sisi hatumo." Shangazi hakuwa msituni. Alikuwa kwenye jumuiya yenye paroko msomi na katekista mwenye cheti. Lakini hiyo ya kunyongwa naichukua. Msituni sadaka ilihitaji walinzi. Kijijini kwetu mlinzi alikuwa ni upole wa yule mama aliyemshika bega.

Mtoto wa Pongwe

Assalaam alaykum. Mimi Muislamu wa Tanga, napita tu. Badala ya msalaba wekeni neno subira, huo uzi wenu mnaweza kuuhamishia kwetu bila kubadili nukta. Naendelea kusoma.

Mwanafunzi wa Jioni

Nasoma theolojia, mwaka wa mwisho, na niko Kilutheri. Hili suala wanawake wamelisema zamani ila halitafsiriwi.

Mwaka 1960 Mmarekani Valerie Saiving aliandika makala fupi iliyotikisa watu. Wakati ule wakubwa wa theolojia, Reinhold Niebuhr akiwemo, walifundisha kwamba dhambi mama ni kiburi, kujikuza, na dawa yake ni kujikana. Saiving akauliza: dhambi ya nani? Mwanaume aliyefundishwa tangu utotoni kutawala, sawa, mpe dawa hiyo. Lakini mwanamke aliyefundishwa tangu utotoni asiwe na lake, akapotelea kwenye mahitaji ya wengine mpaka hajui anapenda chakula gani, ukimpa dawa ya kujikana unamwongezea ugonjwa. Baadaye, 1989, Joanne Carlson Brown na Rebecca Parker wakaenda mbali zaidi, wakauliza kama picha ya Mwana anayekubali kimya mateso yaliyopangwa na Baba haiwafundishi watu waliopigwa kunyamaza. Hapo wengi hatuwafuati mpaka mwisho, mimi pia sijafika huko. Swali lenyewe lakini siwezi kulikwepa.

Na kwetu Afrika, mwaka huo huo 1989, Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake walizindua Accra umoja wa wanatheolojia wanawake wa Afrika. Musimbi Kanyoro wa Kenya alikuja kuuratibu. Wamekuwa wakisema: utamaduni unamwambia mwanamke ajitoe, kanisa linakuja kubatiza maneno yale yale, na sasa akikataa amekosea mara mbili, kwa mababu na kwa Mungu. Mimi nilipotaka kuandika utafiti wangu juu ya hili niliambiwa nichague kitu "chenye kujenga". Nikachagua muziki wa kwaya. Nisameheni.

Kinara wa Kwaya

Muziki wa kwaya unajenga, usijute.

Babu Kahawia

Nina miaka 71, nimekuwa mzee wa kanisa 22. Mmeongea ndoa tu. Ongezeni michango.

Kila harambee ya ujenzi lazima mtu asimame na mjane wa Marko 12, yule aliyetia senti mbili, riziki yake yote. Nimemsimamisha mjane huyo mimi mwenyewe zaidi ya mara ishirini. Mwaka mmoja bibi mmoja akaleta kuku wake wa mwisho, tukampigia makofi, kuku akanadiwa, akanunuliwa na diwani. Diwani akapigwa picha naye. Bibi akarudi nyumbani na makofi yetu.

Baadaye nikiwa peke yangu nikasoma mstari wa juu yake. Mstari wa 40: Yesu anawalaani waandishi wanaokula nyumba za wajane. Unaofuata ni sanduku la hazina na mjane anatia kila kitu alichonacho. Geuza ukurasa, mlango wa 13, Yesu anasema hekalu hilo halitabaki jiwe juu ya jiwe. Sasa niambieni, alikuwa anamsifu mjane ili tumwige, au alikuwa anawaonyesha wanafunzi jinsi nyumba ya mjane inavyoliwa? Kuna msomi Mkatoliki, Addison Wright, aliuliza hivyo hivyo mwaka 1982. Mimi nilikuwa sijamsikia, nilifika hapo kwa ajili ya kuku.

Mlokole Asilia

Mzee wangu shikamoo. Lakini Yesu alisema ametia zaidi kuliko wote. Hiyo ni sifa.

Babu Kahawia

Marahaba mwanangu. Ni kweli ametia zaidi. Mtu akikatwa mguu naye ametoa zaidi kuliko aliyekatwa kucha.

Na kabla hujajibu, soma Marko 7 habari ya Korbani. Mtu anamnyima baba na mama yake kwa kusema kitu hiki nimekiweka wakfu, na Yesu anakasirika. Yeye ndiye aliyekataa sadaka inayomwacha mtu wa nyumbani na njaa. Sisi ndio tumekuwa wakali kuliko yeye.

Mlokole Asilia

Korbani nitaisoma. Sijasema nimekubali.

Kinara wa Kwaya

Frateli, Luka 9:23 anaongeza "kila siku". Ajitwike msalaba wake kila siku. Kwa hiyo siyo kifo cha kishujaa cha mara moja cha akina Kolbe, ni mambo haya haya ya kila siku mnayoyadharau. Halafu Simoni wa Kirene je? Walimshurutisha. Hakujitwika, na bado tunamkumbuka kwenye Njia ya Msalaba, kituo cha tano.

Frateli Mstaafu

Simoni ni hoja nzuri. Lakini angalia nani anamshurutisha: ni askari wa Roma. Yesu hakugeuka kumwambia Simoni "huo ndio wito wako". Na Simoni alibeba ili mwingine apumzike. Kama tunataka kumfuata Simoni, basi kwa shangazi wa mleta mada kulikuwa na kazi ya Simoni kumi na tano.

Mwana wa Ngolo

Wakuu, narudi baada ya siku nne. Mada imenizidi, nikaona nimpigie mwenyewe. Shangazi yuko Songea kwa binti yake. Mumewe alifariki 2009, akamuuguza yeye hadi mwisho, na msibani alisifiwa uvumilivu na watu watatu waliopewa kipaza sauti.

Nikamweleza kwamba nimeandika habari zake bila jina, nikamuuliza: shangazi, ule wakati ulikuwa unajitoa kwa ajili ya nani?

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akacheka. "Nani kakwambia nilijitoa? Sikuwa na nauli."

Nikamuuliza mbona hukuja kwetu. Akasema alikuja, mara mbili, usiku, na baba yangu alimrudisha mara zote mbili, akamsindikiza na tochi. Mimi nilikuwa nimelala. Baba ni marehemu, siwezi kumuuliza.

Nikamuuliza na kuhusu daftari, mbona safu yake haikuwa na pengo hata msimu mbaya. Nilitegemea aseme imani. Akasema: "Nilikuwa nalipa ili siku nikiondoka msije mkasema nimekimbia deni la kanisa."

Miaka yote hii nimekuwa nikimsimulia mke wangu zile kurasa kama ushahidi wa uchaji wake.

Nesi wa Zamu

Na nauli hakuwahi kuipata?

Mwana wa Ngolo

Aliipata. Mwaka uliofuata aliuza magunia yake mawili ya maharage bila mume kujua. Nimemuuliza alizifanyia nini zile pesa, akasema, "Si ulienda kusomea useremala?"

Nilikwenda, kweli. Niliambiwa ada imetolewa na jumuiya. Niliiandika hivyo mwenyewe kwenye daftari: msaada kwa kijana, na jina langu.

Kinara wa Kwaya, habari ya mama yako nilisema nakuja. Sijafika bado.